Mama wa Tom Alifutwa Kazi Bila Notisi

Mwaka shufwa ukifika, nyumba yangu ya Kanduyi, Bungoma, huacha kuwa yangu. Sisi Wabukusu hutahiri vijana wetu Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, na ukoo wote uliohamia Trans Nzoia kufuata mashamba hukumbuka ghafla kwamba una kwao. Wanashuka kwenye matatu ya Kitale na gunia moja la mahindi mabichi, wanalitaja gunia hilo kila wanapoomba chai, kisha wanamaliza mchele wangu mpaka ule niliouficha kwa ajili ya wageni wa maana. Watu wazima hutoka asubuhi kwenda kwenye shughuli na kurudi usiku wakinuka busaa. Watoto hubaki na runinga. Runinga hubaki na tokeni zangu za stima.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Ukoo wetu una uzoefu wa kugombana: tuna kesi ya mpaka wa shamba iliyoanza kabla sijazaliwa, na kuna ng'ombe wa mahari anayedaiwa mpaka leo ingawa bibi harusi mwenyewe sasa ana wajukuu. Lakini huu ulikuwa mpya. Watoto wa Kitale na watoto wa Bungoma walitaka kung'oana masikio kwa ajili ya miguu ya mwanamke asiye na uso.

Mnamjua. Kwenye Tom na Jerry, paka akivunja sahani, anatokea mama mnene, ndara miguuni, aproni kiunoni, ufagio mkononi. Picha inaanzia sakafuni na kuishia kiunoni. Anamwita paka kwa jina lake lote, Thomas, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa naye tangu jana, halafu ufagio unashuka. Watoto wa Kitale, ambao kaka yangu huwanunulia diski za barabarani zilizoshindiliwa katuni mpaka zinakwamakwama, walishikilia kwamba mama huyo ni mweusi, tena mweusi wetu sisi. Wangu, wanaotazama kwenye king'amuzi, wakaapa kwamba ni mzungu, na ni mwembamba. Kila upande ulisema umemwona kwa macho yake, na kila upande ulikuwa unasema kweli.

Nikaitwa niamue. Kwa imani ya ukoo wetu, mtu anayeandika gazetini hujua kila kitu isipokuwa namna ya kupata pesa.

Basi nikawaeleza. Katuni ya kwanza ya Tom na Jerry ilitoka Februari 1940 katika studio ya MGM, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Paka hakuwa Tom bado, aliitwa Jasper. Lakini mama alikuwepo tangu siku hiyo, na ufagio wake, akimwonya Jasper kwamba akivunja kitu kimoja tu zaidi atalala nje. Yaani katika nyumba ile yeye ametangulia hata jina la Tom. Sauti ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Tennessee, na ukizitazama katuni hizo mwanzo hadi mwisho hutaliona jina lake limeandikwa popote. Mhusika mwenyewe wakamwita Mammy Two Shoes, na hapo wakaona wamemaliza wajibu wao.

Mwezi uleule wa Februari 1940, Hattie McDaniel alishinda Oscar kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hotelini kwenye sherehe akaketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na waigizaji wenzake. Baadaye Tom na Jerry wakazoa Oscar saba. Saba! Hesabu hii hunichoma kila ninapoifanya. Paka na panya wanapewa saba kwa kuvunja vyombo, na aliyeviokota vigae hakuonyeshwa hata shingo.

Sasa, mwaka 1949, NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilipeleka malalamiko kuhusu mama huyu. Kilikuwa na haki. Kiingereza chake kimepindwa makusudi ili achekwe, akiona panya anaruka juu ya kiti, na dunia yake nzima ni sakafu na friji. Kufikia 1952 akatoweka kwenye katuni mpya, na baada ya muda wakaletwa mume na mke wazungu. Kisha mwaka 1965 katuni zikaingia kwenye televisheni ya CBS, na zile za zamani bado zilikuwa na miguu myeusi. Timu ya Chuck Jones, huyuhuyu wa Bugs Bunny, ikapewa kazi ya kuchora upya. Katika baadhi ya katuni hizo mama mnene mweusi akafutwa, akawekwa mwanamke mweupe, mara mnene mwenye lafudhi ya Kiayalandi, mara mwembamba, na sauti ikawa ya June Foray. Miaka ya 1990 wenye mali wakarudisha miguu ya kwanza, ila wakatia sauti mpya ya Thea Vidale, lafudhi ikanyooshwa. Ndiyo maana Kitale na Bungoma hawakubaliani. Kila nyumba imeuziwa marekebisho ya mwaka tofauti.

Naomba nianze kunung'unika rasmi hapa, maana yote hayo yalikuwa utangulizi.

Mtu amelalamika kwamba mfanyakazi wa nyumbani anadhalilishwa. Mwajiri anasikiliza kwa makini, anatikisa kichwa kwa huzuni, anakubali kwamba jambo hili haliwezi kuendelea, halafu anamfuta kazi mfanyakazi na kumweka mzungu mahali pake. Hakumpa uso. Hakumpa jina. Hakumpandisha cheo akawa daktari wa mifugo, mtu ambaye kwa hali ya Tom alihitajika kila siku. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28. Mama wa Tom aliondolewa kwa raba. Na katika katuni ambazo hawakumchora upya wakazikata, kwa hiyo unamwona paka akikimbia kwa hofu kubwa na huoni anachokikimbia. Watoto wangu walidhani Tom ana kifafa.

Kukhu alikuwa ameketi pembeni wakati wote huo, ametunyamazia. Huyu ni nyanya yetu mzaa baba, na umri wake ni siri kati yake na kitambulisho chake. Ujanani, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Kitale. Ilikuwa wakati ambapo ardhi nzuri yote ya Trans Nzoia ilikuwa ya masetla, na reli iliyofika Kitale mwaka 1926 ikibeba mahindi yao, na watu wetu wakipanda kutoka huku Bungoma kwenda kuwa vibarua, wapishi na mayaya. Habari hizo hazitaji sana, ila anapotaka kumkosoa mke wangu jinsi anavyopanga sahani. Runinga haimshughulishi kabisa. Lakini aliposikia watu wazima wanabishania miguu, akataka aonyeshwe.

Watoto wa Kitale wakatia diski. Kukhu akasogeza kiti.

"Huyo ni yaya wa mzungu," akasema hata kabla ya ufagio kutokea. "Amesimama tangu alfajiri. Si mnaona anavyokanyaga?"

Tukatazama anavyokanyaga.

"Lakini hajafundishwa kazi," akaendelea. "Paka wa mzungu hapigwi. Yule wetu alikuwa anakula maini, na sisi tunapimiwa posho. Ungemgusa na ufagio, mshahara wa mwezi umekwenda."

Mke wangu akauliza kwa nini hawamwonyeshi uso. Mimi nilikuwa na jibu tayari, lile la wajuzi wa katuni, kwamba dunia ile inatazamwa kutoka kimo cha paka na panya, na paka huona miguu. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Kukhu akanikata.

"Mtoto wao alipokuwa anatambaa, alinijua kwa miguu. Alikuwa ananishika hapa." Akagusa ugoko wake. "Mama yake, mpaka wanauza shamba wanaondoka, nadhani tungekutana sokoni asingenitambua." Halafu akauliza kama sukari imepanda bei, kwa maana chai ilikuwa ya maji.

Jibu langu la wajuzi nikalimeza. Nikaona niokoe heshima kwa kitu kingine. Kuna katuni ya mwaka 1950, Saturday Evening Puss, ambamo uso wa mama unaonekana. Ni Jumamosi usiku. Mama amejipamba, anatoka kwenda kucheza karata na mashoga zake. Tom anawaita paka wenziwe, wanapiga muziki mpaka nyumba inatetemeka. Jerry anataka kulala. Anawaomba wapunguze, wanampuuza. Mwisho anashika simu na kumchongea Tom. Mama anaacha karata na kurudi mbio. Katika mbio hizo, kufumba na kufumbua, uso unapita. Watoto walishika rimoti na kuanza kuwinda. Wakapitiliza, wakarudisha, wakapitiliza tena, diski ikakwama, ikapanguswa kwa fulana, ikarudi. Mwishowe wakaupata: mdogo, wa mbali, umekunjwa na hasira.

Tulifurahi sana, sijui kwa nini. Kaka yangu alipiga makofi.

Kukhu hakupiga. Alikuwa amekunja uso vilevile. "Huyu anatoka Jumamosi usiku? Na mkufu?" Akatugeukia. "Sisi tulikuwa na ruhusa Jumapili mchana, saa kumi umerudi. Huyu si yaya."

Kitinda mimba wangu, ambaye muda wote alikuwa chini ya meza akila sukari mbichi, akatoa kichwa. "Si nyumba ni yake? Chumba cha kulala chake, friji yake, paka wake. Amewatupa wote nje."

Wachambuzi wenyewe wamegawanyika juu ya jambo hili, maana kuna katuni ambamo mama anaonekana mtumishi na nyingine ambamo anaongea na kuamuru kwa namna ya mwenye nyumba. Lakini pale sebuleni kwangu hakukuwa na mchambuzi. Palikuwa na watu wazima wenye vyeti, wakimtazama mtoto aliyepakaa sukari kidevuni. Kaka yangu, ambaye ana hatimiliki mbili na haachi kuzitaja, alikataa katakata. "Haiwezekani. Mtu wetu hawezi kuwa na friji ya namna ile mwaka 1950." Mkewe akamuuliza yeye aliinunua yake lini. Tukabadilisha katuni.

Afadhali tusingebadilisha, kwa maana iliyofuata ilikuwa ya kisiwani, ya mwaka 1951, His Mouse Friday. Tom amevunjikiwa na chombo baharini, Jerry anajipaka masizi na kujifanya mla watu ili amtishe, halafu wala watu wenyewe wanatokea, na Tom nusura apikwe chunguni na manyoya yake. Chungu hicho mmekiona sana. Disney walikuwa nacho mwaka 1930 katika Cannibal Capers, Warner walikuwa nacho, kila studio ilikuwa nacho, na sijui ni fundi gani aliyewauzia. Mwaka 1968 United Artists, waliokuwa na haki za katuni za zamani za Warner, walizifungia kumi na moja zisionekane kwenye televisheni kwa sababu ya ubaguzi. Nawapongeza. Ila kumi na moja ni kidogo. Vyungu vilivyobaki bado vinachemka.

Mtu wa Bungoma akiona chungu kile, kitu cha kwanza kinachomuudhi ni upishi. Sisi tunajua sufuria kubwa. Matanga yetu yanalisha kata nzima, na mpishi akikosea chumvi anasemwa mpaka matanga yanayofuata. Kwenye katuni, mgeni anatumbukizwa mzima, na viatu vyake, na wakati mwingine na kofia. Hakuna aliyemwosha. Hakuna kitunguu kilichokaangwa. Kifuniko hakipo, mvuke wote unapotea, na badala ya kukatia mboga, watu wazima wanauzunguka moto wakicheza ngoma, kuni zinaungua bure. Watu wenye njaa kweli hawachezi kabla ya kula. Ubaguzi mtu huuona baadaye, akishatulia, na hapo hasira huwa mbili.

Nikasema na nitasema tena: Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya ilitangaza katuni sita zisionyeshwe, The Loud House, Adventure Time, Hey Arnold na nyinginezo, kwa hoja kwamba zinapotosha watoto kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Sita! Redio zote za huku zilijaa mjadala, wachungaji walihubiri, mwalimu mkuu mmoja jirani yangu aliitisha mkutano wa wazazi kuhusu katuni ambazo hakuna mzazi aliyekuwa na king'amuzi cha kuzinasa. Kuhusu chungu sikusikia neno. Mtoto wa Chwele, huku Bungoma, anaweza kutazama mchana kutwa watu wenye rangi yake wakiwa na mifupa puani, na taifa likalala usingizi mzuri.

Wale walioogopa lawama ya chungu nao walikuja na dawa mpya: walituondoa watu kabisa. The Lion King ya 1994 si katuni fupi, najua, lakini mimi nanung'unika bila mipaka. Wachoraji walikuja Kenya, wakazunguka Hell's Gate pale Naivasha wakichora majabali. Matokeo yake ni nchi yenye simba, ngiri, fisi na nyani mwenye hekima, na hakuna hata kijana wa kuuza njugu getini. Halafu ikaja Tinga Tinga Tales mwaka 2010. Hii ni ya kwetu, nikafurahi mapema. Michoro imetokana na sanaa ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, kazi ya kuichezesha imefanywa na vijana wa Nairobi pale Homeboyz, nyimbo za Eric Wainaina, na rangi zake ukiziona unataka kuilamba runinga. Nikakaa na watoto kutafuta mtu. Kuna tembo, kuna kobe, kuna kiboko, na msimulizi ni tumbili. Watoto waliipenda, na ni nzuri kweli. Nasema tu kwamba kutoka miguu mitupu tumefika kwato.

Khocha, mjomba wetu wa Kimilili, ambaye alikuwa amerudi kutoka kwenye busaa na kusikiliza akiwa mlangoni, aliniambia nimezidi. Kwani sisi wenyewe tunajichora vipi? Akahesabu kwa vidole, na kwa jinsi alivyokuwa amekunywa vidole havikutosha. Kwenye vichekesho vya Kenya, Mluhya ni soja wa getini, au mpishi, au mtu anayelia ugali umekwisha, anayemkimbiza kuku, na anayechanganya herufi mpaka wasikilizaji wa Nairobi wanaanguka kwenye viti. Hilo halikuletwa na MGM.

Ni kweli, na inaudhi kukubaliana na mtu anayeegemea fremu ya mlango asianguke. Lakini nilimuuliza kuhusu Papa Shirandula. Kipindi hicho kilianza Citizen mwaka 2007, na Charles Bukeko alimwigiza soja wa Kiluhya anayemdanganya mkewe Wilbroda kwamba ana kazi kubwa ofisini. Khocha alikuwa hakosi. Alikuwa anafunga duka mapema. Bukeko alipofariki Julai 2020, Khocha alikaa siku nzima bila kumtukana mtu, jambo lililotutia wasiwasi. Kwa nini yule soja hakumuudhi?

Akafikiri, akajikuna. "Yule alikuwa na mke," akasema. "Alikuwa na madeni."

Sikutarajia uchambuzi mzito kiasi hicho kutoka kwa mlango ule. Papa Shirandula ana sare ya getini, sawa, ila hadithi ni yake. Anaogopa, anadanganya, anaaibika, anakwenda nyumbani jioni, na uso wake, mpana ule, umejaa skrini nzima. Mwenye gari anayefunguliwa geti ndiye anayepita haraka bila kujulikana vizuri. Wameksiko nao walikuwa na kisa cha namna hiyo. Panya Speedy Gonzales, ambaye katuni yake ya mwaka 1955 ilishinda Oscar, aliwekwa kando na Cartoon Network mwaka 1999 kwa kuwa eti anawadhalilisha: kofia kubwa, lafudhi, na panya wenziwe wavivu. Waliopiga kelele arudishwe ni watu wa asili ya Kilatini wenyewe, chama chao cha LULAC kikiwa mbele, na mwaka 2002 akarudi. Panya yule ni mjanja na hashindwi na paka yeyote. Wenye kofia walijua kuhesabu ushindi wao kuliko mabwana wa televisheni waliokuwa wanawahurumia.

Mama wa Tom hakuwa na wa kumpigia kelele. Waliomtetea walitaka aondoke, na waliomdhalilisha walikuwa radhi aondoke.

Nina furaha kwa ajili ya watoto wa siku hizi, kiasi ninachoweza kufurahi. Wanatazama Ubongo Kids, ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, yenye watoto weusi wenye nyuso, vichwa na hesabu za kugawanya. Super Sema ya 2021, ambayo Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu, ina binti wa Kiafrika anayeokoa kijiji chake kwa sayansi. Ni mambo makubwa. Lakini huwezi kunipa zawadi nikakosa kasoro: tangu Ubongo iingie nyumbani, kitinda mimba wangu hasemi tena "nipe chai." Anasema "naomba chai," kwa adabu ya pwani iliyonyooka, huku Kanduyi, mbele ya watu. Majirani wanadhani nimeoa Tanzania.

Mwana wa kaka yangu aliyemaliza kidato cha nne ndiye aliyesikiliza yote haya na kuyachukulia kwa uzito. Anachora kwa simu, kwa programu fulani inayokunywa bando. Baada ya shughuli, aliporudi Kitale, akatangaza kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp kwamba atatengeneza katuni yetu: nyumba ya Kiminini, karibu na Kitale, paka, panya, na mwenye nyumba atakuwa Kukhu. Ukoo ulilipuka. Kaka yangu alitaka awe mbwa mkubwa. Khocha akataka soja, lakini soja mwenye madeni. Mke wangu akauliza kama kuna mtu atakayeosha vyombo au tunaanza tena kosa lilelile. Paka hakuna aliyemtaka. Baada ya siku kadhaa ilionekana wazi, kwa kura ambayo sikualikwa, kwamba paka ni mimi.

Nikapanda matatu mwenyewe kwenda Kiminini kulalamika. Nikamkuta kijana ameketi na Kukhu chini ya mparachichi, anamwonyesha picha ya kwanza. Lazima niseme ilikuwa nzuri. Kitambaa cha kichwani kimekaa alivyozoea kukifunga, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, mdomo umekazwa tayari kwa kukosoa. Mikunjo yote ipo. Uso mtupu umejaa kioo cha simu, na picha inaishia kifuani.

Kukhu akaigeuza simu, akaitazama na kwa nyuma. "Miguu yangu iko wapi?"

"Kukhu, hii ndiyo maana yake," kijana akaeleza kwa unyenyekevu. "Kule hawakuonyesha uso. Sisi tumekupa uso."

"Nimekuuliza miguu. Paka akiiba nyama nitampiga teke na nini, na sikio?"

Akanitazama mimi aliposema paka. Kijana akaahidi kuongeza miguu. Kukhu akataka na viatu, vya ngozi, vya kufunga kamba, si ndara. Halafu akauliza yule mwenye sauti, wa Marekani, kama jina lake liliandikwa. Nikasema halikuandikwa. Akauliza kama alilipwa. Nikasema nadhani alilipwa.

"Basi mimi mniandike, na mnilipe kwanza."

Kijana akaniangalia. Bando lilikuwa limekwisha, msanii hajalipwa, mwigizaji mkuu amegoma, na mfadhili pekee aliyekuwa amevaa shati lililofuliwa ni mimi. Nikatoa noti niliyokuwa nimeitenga kwa nauli ya kurudi. Kukhu akaikunja na kuitia kwenye fundo la leso. Kijana akasema na yeye bado anasubiri. Nikampa ya pili, ile ya sukari ya nyumbani.

Nikapanda gari la kurudi kwa mkopo wa kondakta ninayemfahamu, aliyenishusha njiani, Kamukuywa, bila kuongeza hata stendi moja. Katuni yenyewe imefika picha ya nne. Nimeiona: paka ana kitambi, ana miwani, na mama anampiga teke kwa kiatu cha ngozi nilichokilipia.